Mashine Ikilia, Nani Atamuongelesha Mtoto?

Kazi yangu ya pembeni ni ukalimani. Wilaya ya shule ikiitisha kikao cha wazazi, na kwenye orodha kukawa na familia za Kongo, simu yangu inaita. Jioni moja ya baridi kali, katika mji wa kaskazini mwa Marekani, ajenda ilikuwa mashine mpya za kugundua silaha zitakazofungwa kwenye milango ya shule. Ukutani ilirushwa picha: nguzo mbili za kijivu, binti anapita katikati yake na begi mgongoni, hasimami, anacheka. Msemaji akaeleza kwamba ruzuku imepatikana, mkataba ni wa miaka minne, na mtoto hatalazimika kutoa hata funguo mfukoni. Nikatafsiri yote hayo. Mama mmoja wa Bukavu, ambaye koti lake lilikuwa bado limefungwa vifungo mpaka shingoni, akaniinamia sikioni.

"Papa, ile machine ikilia, nani ataongelesha mutoto? Ule mutu anajua kusema naye?"

Nikalipeleka swali mbele ya ukumbi kwa Kiingereza. Jibu lililorudi lilihusu kasi: wanafunzi wangapi wanaweza kupita kwa saa moja bila foleni. Mama akasikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akanyamaza.

Nalichukua swali lake kama lilivyo, maana nikipitia mabilioni yaliyomwagwa kwenye usalama wa shule za Marekani tangu mwaka 2022, naona ndilo lililobaki bila bajeti. Fedha zimenunua macho mengi. Mtu wa kufanya kitu na kile kilichoonekana hakununuliwa, au alinunuliwa kwa mwaka mmoja tu, kisha akaachishwa kazi.

Tuanze na Utica, jimbo la New York. Ni mji wa watu wapatao 65,000 ambao viwanda vyake vilikufa na wakimbizi wakaujaza upya: Wabosnia, Wakareni kutoka Burma, baadaye Wakongo, na Wasomali Bantu waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma, ambao baadhi yao bado wanazungumza Kizigua kilichobebwa na mababu zao kutoka Tanzania kwenye majahazi ya watumwa. Kiswahili si kigeni kwenye korido za shule yake ya sekondari, Proctor. Mwaka 2022 wilaya ya shule ya mji huo ilitumia karibu dola milioni 3.7 kufunga mashine za kampuni ya Evolv katika shule zake 13. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo mwanafunzi alipita kwenye mashine ya Proctor na kisu cha inchi 7, mashine isiseme kitu, na mwanafunzi mwenzake akachomwa visu humo ndani. Alipona.

Inafaa kuelewa kwa nini mashine ilinyamaza, kwa sababu haikuwa mbovu. Geti la zamani la kukagua chuma, lile la uwanja wa ndege, ni jinga lakini ni kweli tupu. Koili zake zinarusha uga wa sumaku, chuma chochote kikipita kinauvuruga uga huo, na geti linalia. Halibagui. Ndiyo maana unavua mkanda, unatoa saa na sarafu, na foleni inafika barabarani. Evolv na wenzake waliuza ahadi tofauti: nguzo zenye vihisi, na nyuma yake programu ya akili mnemba iliyofundishwa kutofautisha alama ya bastola na alama ya simu. Funguo zipite, bunduki ilie. Ili ahadi hiyo itimie, lazima programu ipewe ruhusa ya kupuuza vyuma vingi, na kisu ni chuma kidogo, chembamba, kinachofanana na vitu mia vilivyoruhusiwa kupita. Laptopu kwa upande wake ni nzito, ina bawaba na betri, na kwa macho ya programu inaikaribia silaha kuliko kisu chenyewe. Kwa hiyo kuna kitufe cha kuongeza na kupunguza ukali. Ukikaza unakamata visu zaidi na chupa za maji zaidi. Ukilegeza foleni inatembea. Hakuna pahali katikati ambapo unapata vyote, na msemaji yeyote anayewaambia wazazi kwamba pahali hapo papo aulizwe papo wapi.

Baada ya mkasa wa Utica ukali ulikazwa. Kwa mujibu wa hati ya madai ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, chombo cha serikali ya Marekani kinacholinda wanunuzi, matokeo yake yalikuwa kwamba nusu ya ving'ora vikawa vya uongo. Tume hiyo ilitangaza tarehe 26 Novemba 2024 kwamba inaishtaki Evolv kwa kuwapotosha wateja juu ya uwezo wa mashine zake, na siku hiyohiyo ikatangaza suluhu: kampuni ikome kudai yasiyothibitishwa, na baadhi ya shule zipewe haki ya kuvunja mikataba yao. Wakati huo mashine hizo zilikuwa zimeshafungwa katika shule zaidi ya 800 kwenye majimbo 40. Kampuni ilijitetea kwamba mzozo ulikuwa juu ya lugha ya matangazo yake ya zamani, wala haukugusa uwezo wa mashine. Pengine. Lakini shule hununua kwa kusoma matangazo. Bodi ya shule yenye fundi bomba, mstaafu wa posta na mama wa watoto watatu haina maabara ya kupimia sumaku.

Utica iliondoa mashine hizo Proctor na kuweka nyingine.

Sasa hesabu, na hesabu hii si ngumu. Mwaka 2024 jiji la New York lilijaribu mashine za Evolv kwenye vituo 20 vya treni za chini kwa siku 30. Watu waliokaguliwa walikuwa 2,749. Bunduki zilizopatikana: sifuri. Visu: 12. Ving'ora vya bure: 118, yaani zaidi kidogo ya 4 kwa kila watu 100. Hamishia kiwango hicho kwenye shule ya wanafunzi 1,500. Kila asubuhi utapata ving'ora 60 vya bure, na kwa mwaka wa masomo wa siku 180 vinakaribia 11,000. Juu ya hivyo 11,000, huenda kimoja kikawa cha bastola kweli. Huenda kisiwepo hata kimoja. Mlinzi aliyefungua mabegi 11,000 na kukuta madaftari yenye chuma cha kushikia karatasi anajifunza nini? Anajifunza kwamba mashine inasema uongo, na anajifunza somo hilo kwa mikono yake, kila siku, kabla ya saa mbili asubuhi.

Wasomaji wa Nairobi hawahitaji hesabu hii. Tangu magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, wanamjua mlinzi wa mlangoni mwenye kile kijiti cheusi. Kijiti kinapiga tiii kwenye simu, tiii kwenye funguo, tiii kwenye chuma cha mkanda, naye anakwambia, "Pita tu, boss." Si mzembe. Amedanganywa na kijiti mara nyingi mno.

Shule za Marekani zilitafuta njia ya kumpunguzia mlinzi ving'ora hivyo. Kwenye shule nyingi zenye mashine hizi watoto hufundishwa kutoa laptopu kwenye begi kabla ya kupita na kuzishika juu. Nimesimama asubuhi nikaangalia: theluji inaanguka, watoto mia na kitu wanapita katikati ya nguzo mikono juu, kila mmoja na kompyuta yake kichwani, kama watu wanaovuka mto na mizigo. Hakuna aliyekuwa akicheka kama yule binti wa kwenye picha. Na foleni, ambayo ndiyo ilikuwa sababu ya kununua mashine ghali badala ya geti la bei nafuu, ilikuwepo palepale.

Kuna aina ya pili ya teknolojia, ile inayosoma picha za kamera. Programu inaangalia video zote za shule kwa pamoja, na ikiona umbo la bunduki inatuma taarifa. Kampuni moja katika biashara hiyo, Omnilert, imepata mikasa miwili kwa mwaka mmoja, na nikiiweka sambamba naona jambo ambalo wakosoaji wa akili mnemba hulipita haraka kwa kuwa wana hamu ya kuisema mashine tu.

Wa kwanza ni wa Nashville, shule ya sekondari ya Antioch, tarehe 22 Januari 2025. Mwanafunzi wa miaka 17 alitoa bastola kwenye ukumbi wa chakula, akamuua msichana wa miaka 16, kisha akajiua. Mfumo haukuiona bastola. Wilaya ilieleza kwamba mahali alipokuwa kijana yule na mahali kamera zilipokuwa havikukutana vizuri. King'ora kililia baadaye, polisi walipoingia na bunduki zao.

Wa pili ni wa kaunti ya Baltimore, shule ya sekondari ya Kenwood, Oktoba 2025. Kijana alikuwa amemaliza mazoezi ya mpira, amekaa nje na wenzake wakisubiri kuchukuliwa. Alikula Doritos, zile krispi za mahindi, akaukunja mfuko na kuutia mfukoni. Kamera ikauona mfuko, programu ikaona bunduki. Muda mfupi baadaye magari ya polisi yakafika, kijana akapigishwa magoti kwa mitutu, akafungwa pingu, akapekuliwa. Kikaokotwa kile kifuko.

Dunia ilicheka, na mzaha wa Doritos ukazunguka wiki nzima. Lakini soma vizuri ratiba ya dakika zile. Taarifa ya mashine ilipofika, watu wa idara ya usalama ya wilaya waliipitia, wakaona si silaha, wakaifuta. Mkuu wa shule hakujua kwamba imefutwa. Akamwambia polisi wa shule, polisi wa shule akaita wenzake. Mashine ilikosea kosa ambalo kila mtu alijua itakosea. Ndiyo maana pakawekwa mtu wa kuhakiki. Mtu huyo alifanya kazi yake sawasawa. Kilichokatika ni waya mfupi kati ya binadamu wawili, mmoja ofisini na mwingine shuleni, na waya huo haumo kwenye zabuni yoyote. Kampuni ilisema mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Nikubali: kwa upande wa mfumo, walisema kweli.

Kuna begi moja ninalolirudia kila mazungumzo haya yanapoanza.

Shule ya sekondari ya Oxford, jimbo la Michigan, tarehe 30 Novemba 2021. Asubuhi, mwalimu wa hesabu anamkuta mvulana wa miaka 15 amechora bastola na mtu anayevuja damu kwenye karatasi ya zoezi, na pembeni ameandika kuomba msaada, kwamba mawazo hayakomi. Siku moja kabla alionekana darasani akitafuta risasi kwenye simu. Mwalimu anafanya lililo lake: anapeleka taarifa. Mvulana anatolewa darasani, anapelekwa kwa mshauri nasaha. Wazazi wanaitwa, wanakuja. Wanaambiwa wamtafutie mtoto matibabu haraka. Wanasema wana kazi, wanaondoka. Begi lake limebaki darasani, na mtumishi mmoja wa shule analifuata, analichukua, anamletea. Analiona zito. Analitania uzito wake. Hakuna anayelifungua. Mvulana anarudishwa darasani na begi lake, na muda mfupi baadaye anaingia chooni, anatoa bastola aliyonunuliwa na baba yake siku nne kabla, na wanafunzi wanne wanakufa.

Begi lilikuwa mkononi mwa mtu mzima. Walikuwepo mwalimu, mshauri, msimamizi na wazazi wote wawili, na kila mmoja alikuwa na kipande cha habari. Mashine bora kuliko zote za Evolv isingewapa habari zaidi ya ile waliyokuwa nayo. Ingewapa king'ora, na king'ora tayari kilikuwa kimelia kwa penseli kwenye karatasi ya hesabu. Mahakama iliwahukumu wazazi wale kifungo cha miaka 10 hadi 15 mwezi Aprili 2024, wakawa wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani kwa vifo vya shambulio la shule lililofanywa na mtoto wao. Wilaya ya Oxford nayo ilinunua mashine.

Newport News, Virginia, ni kisa cha jinsi hiyohiyo, kwa mtoto wa miaka 6. Tarehe 6 Januari 2023 walimu walitoa taarifa zaidi ya mara moja kwamba mtoto huyo ana bastola. Begi likapekuliwa, mifuko yake haikupekuliwa. Mwalimu wake akapigwa risasi mbele ya darasa, akanusurika, na Novemba 2025 baraza la mahakama likaamua kwamba aliyekuwa makamu mkuu wa shule amlipe dola milioni 10. Baada ya tukio, shule za mji zilifungiwa mageti ya kukagua chuma.

Idara ya ulinzi ya serikali inayomlinda rais, Secret Service, ina kituo kinachochunguza mashambulizi ya shule. Mwaka 2021 kilichapisha uchambuzi wa mipango 67 ya mashambulizi iliyozuiwa kati ya 2006 na 2018. Iliyoizuia zaidi haikuwa mitambo. Ilikuwa maneno: mpangaji alimwambia mtu, au aliandika mahali, na mtoto mwenzake akaenda kumwambia mtu mzima ambaye alisikiliza. Mtoto haendi kusema kwa nguzo ya kijivu. Anakwenda kwa mtu anayejua jina lake.

Basi kwa nini hela inakimbilia mlangoni? Jibu rahisi ni kwamba kampuni zinashawishi wanasiasa, na ni kweli zinashawishi. Nadhani sababu kubwa zaidi imo kwenye umbo la fedha zenyewe.

Baada ya Uvalde, Texas, ambako watoto 19 na walimu 2 waliuawa tarehe 24 Mei 2022 huku askari 376 wakikusanyika na dakika zaidi ya 70 zikipita kabla ya mlango kufunguliwa, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa jamii mwezi mmoja tu baadaye. Ndani yake mlikuwa na dola bilioni 1 za kuboresha mazingira ya shule, dola bilioni 1 za wataalamu wa afya ya akili mashuleni, na dola milioni 300 za mpango wa kuzuia vurugu za shule. Kwa karatasi, mizani nzuri. Lakini ruzuku ni fedha ya mkupuo. Inakuja, ina tarehe ya kwisha, na afisa wa wilaya lazima aitumie kabla ya tarehe hiyo na atoe taarifa ameitumiaje. Mashine inafaa kabisa kwenye umbo hilo: ina bei, ina risiti, ina siku ya kufungwa ukutani, na mwandishi wa habari anaweza kuipiga picha. Mshauri nasaha anataka mshahara mwaka huu, mwakani na mwaka wa kumi. Atazaa, ataugua, atadai nyongeza. Hakuna mkuu wa wilaya mwenye akili timamu anayeajiri mtu wa kudumu kwa hela ya miaka mitatu.

Walioajiri waliona kilichowapata. Mwishoni mwa Aprili 2025 Wizara ya Elimu, chini ya serikali ya Trump, iliandikia wilaya na vyuo kwamba ruzuku za afya ya akili zilizotokana na sheria ile, zenye thamani ya karibu dola bilioni 1, hazitaendelezwa. Majimbo 16 yakaenda mahakamani. Huku mawakili wakibishana, kuna shule ambako mwanasaikolojia aliyekuwa amekwishajua watoto gani hawalali usiku alianza kutafuta kazi kwingine. Chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Wastani wa nchi bado unazidi 370. Mashine zilizonunuliwa kwa fedha za msimu uleule bado zinawaka taa.

Texas yenyewe ilijaribu kununua mtu, na inafaa kuitaja kwa haki. Sheria ya mwaka 2023 iliagiza kila shule ya umma iwe na ofisa mwenye silaha. Jimbo likatoa dola 15,000 kwa kila shule na dola 10 kwa kila mwanafunzi. Nani anaajiri askari kwa dola 15,000 kwa mwaka? Wilaya nyingi zikaomba msamaha wa kisheria, nyingine zikawapa silaha watumishi waliokuwepo. Sifurahii bunduki ndani ya shule, lakini hilo ni la siku nyingine. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hata pale siasa inapomtaka binadamu, fedha inakuja kwa kipimo cha kifaa.

Nisije nikaeleweka kwamba mageti yote ni upuuzi. Mwaka 1993 kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwenye sekondari za New York. Wanafunzi wa shule zenye mageti ya kukagua chuma waliokiri kuingia na silaha ndani ya jengo walikuwa asilimia 7.8, dhidi ya asilimia 13.6 kwa shule zisizokuwa nayo. Ni tofauti kubwa. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba kupigana na kutishiana hakukupungua. Geti linamzuia kijana anayebeba kisu kwa sababu anaogopa njia ya kurudi nyumbani, au kwa sababu anataka kuonekana. Kijana wa aina hiyo ndiye wengi, na kumwokoa si jambo dogo.

Aliyeamua kufa halizuii. Red Lake, Minnesota, tarehe 21 Machi 2005, palikuwa na geti la chuma na walinzi wasio na silaha. Mvulana wa miaka 16 alikuja na bunduki wazi mkononi, akamuua mlinzi mmoja palepale getini, akaingia. Watu saba walikufa shuleni humo kabla hajajiua. Geti lilikuwepo.

Kifaa ambacho kwa maoni yangu kimestahili bei yake ni kidogo na hakisisimui: kadi ya kitambulisho yenye kitufe anayovaa mwalimu shingoni. Shule ya Apalachee, Georgia, ilikuwa imevipata karibu wiki moja kabla ya shambulio la tarehe 4 Septemba 2024. Walimu walibonyeza, taarifa ikafika, polisi wa shule wakamkabili mshambuliaji ndani ya dakika chache. Wanne walikuwa wamekwishakufa, na simjui atakayeuita huo ushindi. Lakini angalia jinsi kifaa hicho kinavyoanza: kinaanza na mwalimu aliyeona, kisha kinampeleka mtu kwa mtu. Hakijidai kuona badala yake.

Wazazi huniuliza, kwa kuwa mkalimani huchukuliwa kuwa anajua kila kitu, kama waunge mkono au wapinge. Huwa nawaambia waulize kwanza ukali wa mashine utawekwa wapi, na nani ana mamlaka ya kuubadilisha, kwa maana uamuzi huo ndio utakaosema kama visu vinatafutwa au havitafutwi, na mara nyingi mzazi hapewi nafasi ya kuujua. Waulize idadi ya ving'ora vya bure itatangazwa kila mwezi au itafichwa kwa jina la usalama. Waulize mkataba unasemaje wilaya ikitaka kutoka mwaka wa pili. Na waulize habari za meza ya pili, ile inayowekwa hatua chache baada ya nguzo, ambako begi linafunguliwa. Pale ndipo kazi yote inapofanyika. Mtu wa pale analipwa kiasi gani? Amefundishwa kwa saa ngapi? Anajua majina? Akikuta barua ya kujiua badala ya bastola, anampigia nani?

Kikao kile cha jioni kilipokwisha watu walisimama kwenye sahani za biskuti. Yule mama wa Bukavu akanivuta pembeni na kuniomba kalamu. Mwanawe wa miaka 14, akaniambia, ana chuma mguuni. Paja lilivunjika wakiwa njiani kuondoka, akawekewa chuma hospitalini Goma, na mguu umepona vizuri isipokuwa wakati wa baridi. Kiingereza cha kijana bado ni cha kubahatisha. Akiulizwa kwa sauti kubwa anafunga mdomo, na akishikwa bega kwa nyuma anakimbia. Mama alitaka nimwandikie kikaratasi cha kumpa mtu wa mlangoni.

Nikaandika mistari mitatu kwa herufi kubwa: kuna chuma kwenye paja la kulia, tafadhali usimshike, zungumza naye polepole. Akaitazama, akaikunja mara nne, akaniuliza ampe nani. Nikamfuata msemaji, aliyekuwa anazungusha waya wa projekta mkononi, nikamuuliza nani atakuwa kwenye mlango huo asubuhi. Akasema mashine zinafika mwezi ujao, ila nafasi hiyo bado haijatangazwa.